Sauti Inavyosafiri Katika Simu za Ofisini

Simu ya intaneti ya ofisini ni kompyuta ndogo yenye umbo la simu ya mezani. Ina mkono wa kushikia, vitufe vya namba na kioo kidogo, lakini haichomekwi kwenye waya wa shaba wa kampuni ya simu. Huchomekwa kwenye mtandao uleule unaohudumia kompyuta za ofisi. Ili kifaa hicho kiweze kumtafuta mtu, kumwita, kubeba sauti na kukata mazungumzo yanapokwisha, hufuata kanuni zilizoandikwa na kukubaliwa na watengenezaji wengi. Kanuni hizo ndizo zinazoitwa itifaki.

Hakuna itifaki moja inayofanya kazi yote. Mgawanyo mkubwa ni kati ya kazi mbili: kupanga mazungumzo na kubeba sauti. Kila kazi ina itifaki yake, na ujumbe wa kupanga unaweza kupita njia tofauti kabisa na ile ya sauti. Ndiyo maana simu inaweza kuita vizuri, ikapokewa vizuri, kisha pasisikike neno hata moja. Anayeelewa mgawanyo huo ana nusu ya maarifa yote yanayohitajika kuitunza simu ya ofisi.

Kutoka waya wa shaba hadi pakiti

Katika simu za zamani, kila mazungumzo yalitengewa njia yake kuanzia kwa mpigaji hadi kwa mpigiwa, na njia hiyo ilishikiliwa hata wazungumzaji waliponyamaza. Mtandao wa kompyuta hufanya kazi kwa namna nyingine. Hukata taarifa kuwa vipande vinavyoitwa pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani ya kinakokwenda, na pakiti za watu wengi hutumia njia moja kwa pamoja.

Wazo la kupitisha sauti kwa pakiti si geni. Mwaka 1974, Danny Cohen wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walipitisha mazungumzo kwenye ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani uliotangulia intaneti. Majaribio ya aina hiyo yalidhihirisha jambo ambalo bado ni msingi wa simu hizi: barua inaweza kusubiri kipande kilichopotea kitumwe tena, lakini sauti haiwezi. Silabi inayofika baada ya sekunde mbili haina faida kwa msikilizaji. Mwaka 1980 ilitangazwa UDP, itifaki inayotuma pakiti bila kudai uthibitisho wa kupokelewa, na hadi leo sauti ya simu husafiri juu yake.

Itifaki za simu zenyewe ziliandikwa miaka ya 1990. Mwaka 1996 ilitoka RTP, itifaki ya kubeba sauti na picha kwa wakati halisi. Mwaka huohuo Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulipitisha H.323, mfumo mkubwa uliorithi taratibu za simu za zamani. Mwaka 1999 jumuiya ya wahandisi wa intaneti, IETF, ilitoa SIP, iliyoandikwa na Mark Handley, Henning Schulzrinne, Eve Schooler na Jonathan Rosenberg. Toleo lake linalotumika sasa lilichapishwa mwaka 2002. Ujumbe wa SIP ni maandishi ya kawaida yaliyopangwa mstari kwa mstari, kwa mtindo uliotokana na itifaki za tovuti na barua pepe. Fundi anaweza kuyasoma kwa macho, na watengenezaji wa nchi mbalimbali wanaweza kuunda vifaa vinavyoelewana. Kwa sababu hizo SIP imekuwa itifaki kuu ya simu za ofisini.

Simu inapochomekwa

Kazi huanza kabla ya namba yoyote kubonyezwa. Waya wa mtandao unapoingizwa, swichi ya ofisi, kifaa kinachounganisha waya zote za mtandao, huipa simu umeme kupitia waya huohuo. Kiwango cha kwanza cha utaratibu huo, 802.3af cha mwaka 2003, kiliruhusu hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi, na hizo zinaitosha simu ya kawaida. Faida yake ni kubwa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara: swichi na seva ya simu, yaani kompyuta inayoongoza simu za ofisi, zikiwekewa betri, simu zote huendelea kufanya kazi bila kila meza kuhitaji betri yake.

Baada ya umeme, swichi huiambia simu, kwa itifaki ya LLDP, itumie sehemu gani ya mtandao. Ofisi nyingi huugawa mtandao wao mmoja kuwa mitandao kadhaa ya ndani inayoitwa VLAN, mmoja wa kompyuta na mwingine wa simu, ili mafaili mazito yasisongamane na sauti. Simu nyingi za mezani zina tundu la pili kwa ajili ya kompyuta. Pakiti za simu hutiwa alama ya VLAN ya sauti, na za kompyuta huachwa kwenye VLAN yake, ingawa zote zinapita waya mmoja.

Kisha simu huomba anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kupitia itifaki ya DHCP. Jibu huja na anwani hiyo, anwani ya ruta inayoiunganisha ofisi na nje na, katika ofisi iliyopangwa vizuri, mahali pa kuchukua faili la mipangilio. Faili hilo lina namba ya ndani ya mtumiaji, nywila na anwani ya seva ya simu. Zamani lilichukuliwa kwa TFTP, itifaki nyepesi isiyoficha chochote wala kuuliza mwombaji ni nani. Siku hizi ni busara kutumia HTTPS, kwa kuwa nywila ya simu ni mali inayotafutwa na wezi. Simu huchukua pia saa sahihi kupitia NTP. Saa hiyo ina kazi zaidi ya kuonekana kwenye kioo, kwani simu yenye tarehe mbovu huweza kukikataa cheti halali cha usalama kwa kudhani kimekwisha muda.

Hatua ya mwisho ni kujisajili. Simu hutuma kwa seva ujumbe wa SIP uitwao REGISTER, unaosema kwa maneno mengine kwamba namba 204, kwa mfano, inapatikana kwenye anwani fulani ya IP. Kwa kawaida seva hujibu kwanza kwa msimbo 401, ikidai uthibitisho na kutoa fumbo la herufi na tarakimu. Simu hulichanganya fumbo hilo na nywila yake kwa hesabu maalumu na kurudisha matokeo, bila kuitaja nywila yenyewe. Matokeo yakilingana, seva hujibu 200 na namba inakuwa hewani. Usajili una muda, mara nyingi sekunde 3,600 au pungufu, na simu huuhuisha kabla haujaisha. Kwa utaratibu huu namba humfuata mfanyakazi: akihamisha simu yake kutoka Dar es Salaam kwenda tawi la Arusha, na mtandao ukiruhusu, ataendelea kupatikana kwa namba ileile.

SIP, mshenga wa mazungumzo

SIP hufanya kazi ya mshenga. Hupeleka posa, huleta jibu, huafikiana kuhusu masharti, kisha huwaacha wenyewe wazungumze.

Mfanyakazi wa namba 204 anapopiga 310, simu yake hutuma kwa seva ujumbe wa INVITE. Seva hujibu 100 kuonyesha kwamba imeupokea na inaushughulikia, kisha huupeleka kwenye simu ya 310. Simu hiyo inapoanza kulia hurudisha msimbo 180, na hapo ndipo mpigaji anaposikia mlio wa kuita. Mkono wa simu ukiinuliwa, unarudi msimbo 200. Mpigaji huthibitisha kwa ujumbe wa ACK, na mazungumzo huanza. Yeyote atakayekata kwanza hutuma BYE, naye mwenzake hujibu 200.

Misimbo mingine hueleza mambo ambayo hayakwenda sawa. Msimbo 404 una maana kwamba namba haipo, sawa na katika tovuti ambako msimbo huo ulitoka. Msimbo 486 unaonyesha kwamba mpigiwa yuko kwenye simu nyingine, na 603 kwamba amekataa kupokea. Msimbo 488 hutokea pande mbili zinaposhindwa kuafikiana kuhusu namna ya kutuma sauti.

Maafikiano hayo huandikwa kwa utaratibu uitwao SDP, unaosafiri ndani ya INVITE na jibu lake. Mpigaji hutaja anwani ya IP na namba ya poti, yaani mlango wa ndani ya kifaa, anakotaka kupokea sauti, pamoja na orodha ya mbinu za kusimba sauti anazozifahamu. Mpigiwa hujibu kwa anwani yake na mbinu aliyoikubali. Shughuli nyingine za ofisi hutumia ujumbe wa ziada. Kumsubirisha mtu ni kutuma INVITE mpya katikati ya mazungumzo yenye masharti yaliyobadilishwa, na kuhamishia simu kwa mwingine hufanywa kwa REFER. Taa za mapokezi zinazoonyesha nani yuko kwenye simu huendeshwa na jozi ya SUBSCRIBE na NOTIFY.

RTP na kodeki: sauti yenyewe

Baada ya maafikiano, sauti huanza kupita kwa RTP juu ya UDP. Inaweza kwenda moja kwa moja kati ya simu mbili bila kuigusa seva, ingawa ofisi nyingi huipitisha kwenye seva ili irekodiwe au idhibitiwe. Kila pakiti ya RTP hubeba namba ya mfuatano na alama ya wakati. Namba ya mfuatano humwezesha mpokeaji kupanga pakiti zilizofika kwa kupishana na kutambua zilizopotea. Alama ya wakati humwonyesha ni lini kila kipande kinapaswa kusikika. Pembeni yake hutembea RTCP, inayotoa taarifa za mara kwa mara kuhusu pakiti zilizopotea na kuyumba kwa mwendo wake.

Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu na kodeki. Kongwe na inayoeleweka na karibu kila kifaa ni G.711, iliyopitishwa na ITU mwaka 1972. Hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 8, na hivyo kuzaa biti 64,000 kwa sekunde. Ina aina mbili: moja hutumika Marekani na Japani, na nyingine, A-law, hutumika Ulaya, Afrika na sehemu kubwa ya dunia.

Hesabu ya mzigo wake inafaa kujulikana na kila anayenunua intaneti kwa ajili ya simu. Kwa kawaida pakiti moja hubeba sauti ya milisekunde 20, yaani baiti 160. Juu yake huongezwa baiti 40 za anwani na maelezo ya RTP, UDP na IP, na jumla inakuwa baiti 200. Pakiti 50 kwa sekunde hufanya kilobiti 80 kwa kila upande. Simu kumi za wakati mmoja zinahitaji kilobiti 800 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, kabla ya kuongeza baiti za waya wenyewe. Kodeki ya G.729 hubana sauti hadi kilobiti 8, lakini kwa kuwa baiti 40 za maelezo hazipungui, mzigo halisi ni kilobiti 24. Simu kumi hushuka hadi kilobiti 240, kwa gharama ya sauti hafifu kidogo. G.722 hupanua masafa ya sauti na kuifanya iwe karibu zaidi na ile ya mtu aliyeketi jirani. Opus, iliyotolewa mwaka 2012 kwa matumizi huru, hubadili kiasi chake kulingana na hali ya mtandao, kuanzia kilobiti 6 hadi 510.

Adui ni kuchelewa

Ubora wa simu hautegemei kasi ya intaneti peke yake. ITU inapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni mwa mmoja hadi sikioni mwa mwingine. Ikizidi sana hapo, watu huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Afrika Mashariki iliionja shida hii kwa miaka mingi. Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano yake ya kimataifa yalitegemea sana setilaiti zilizo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, na mawimbi ya redio yaendayo kwa kasi ya mwanga huchukua karibu milisekunde 240 kuzimaliza. Hakuna kifaa kingeweza kuondoa uchelewaji huo. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilianza kazi, wa kwanza ukifika Dar es Salaam na Mombasa, wa pili ukiiunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu. EASSy ikafuata mwaka 2010. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa kilomita 10,000 humalizwa kwa milisekunde 50 hivi. Kuzungumza kwa utulivu na Ulaya au Ghuba kwa simu ya ofisi kukawezekana.

Tatizo la pili ni mwendo usio sawa. Pakiti zilizotumwa kila baada ya milisekunde 20 huweza kufika kwa vishindo, tatu pamoja kisha kimya. Simu huzihifadhi kwa muda mfupi kabla ya kuzisikilizisha ili kusawazisha mwendo, lakini akiba ikiwa kubwa huongeza kuchelewa, na ikiwa ndogo huacha mapengo. Dawa bora ni kuzipa pakiti za sauti kipaumbele. Simu huzitia alama, kwa kawaida namba 46 katika kichwa cha pakiti, na swichi na ruta zilizopangwa vizuri huzipitisha mbele ya barua pepe na mafaili. Intaneti ya umma kwa kawaida haiheshimu alama hiyo. Kipaumbele kina faida kubwa ndani ya ofisi na kwenye ruta ya kutokea, ambako foleni hujengeka mtu anapopandisha faili zito.

Kizingiti cha ruta

Anwani za IP za ndani ya ofisi, kama zile zinazoanza na 192.168, hazijulikani nje. Ruta huzibadilisha kuwa anwani moja ya umma kwa utaratibu wa NAT. Kwa tovuti hilo halina shida, lakini SIP huandika anwani ndani ya ujumbe wenyewe. Simu iliyo ndani hutaja katika SDP anwani yake ya ndani, mpigiwa aliye nje huituma sauti huko, na sauti haifiki kokote. Hicho ndicho chanzo cha kawaida cha simu kusikika upande mmoja tu.

Njia kadhaa zimebuniwa. STUN huiwezesha simu kuiuliza seva ya nje jinsi anwani yake inavyoonekana, kisha kuitaja hiyo. TURN hutumia seva ya nje kupokezana sauti pale njia ya moja kwa moja isipopatikana. Kampuni nyingi huweka mpakani kifaa kiitwacho SBC, kinachopokea simu zote, kusahihisha anwani na kuficha mtandao wa ndani. Baadhi ya ruta za bei nafuu hujaribu kurekebisha ujumbe wa SIP zenyewe kwa kipengele kiitwacho SIP ALG. Mara nyingi huuharibu, na mafundi hukizima mapema.

Kuifikia dunia ya simu za kawaida

Simu ya ofisi lazima iweze kuzifikia simu za mkononi na za mezani za kwingineko. Ofisi huunganishwa na kampuni ya simu kwa njia ya SIP, au kwa kifaa kinachotafsiri kati ya SIP na laini za zamani. Namba hupangwa kwa kiwango cha ITU kiitwacho E.164, chenye tarakimu zisizozidi 15 zinazoanza na msimbo wa nchi, kama 255 kwa Tanzania na 254 kwa Kenya.

Jambo dogo linalosumbua wengi ni milio ya vitufe. Mteja anapoambiwa abonyeze moja kwa Kiswahili au mbili kwa Kiingereza, mlio wa kitufe ukipitishwa kama sauti kwenye kodeki inayobana sana huweza kuharibika usitambulike. Kwa hiyo RTP ina pakiti maalumu zinazotaja kitufe kilichobonyezwa kwa tarakimu badala ya mlio, na pande zote mbili zinapaswa kuwekewa utaratibu huo.

Usalama

SIP ya kawaida hupita wazi kwenye poti 5060, na RTP ya kawaida haifichi chochote. Aliyefanikiwa kunasa pakiti anaweza kuyasikiliza mazungumzo. Kinga ina sehemu mbili zinazokwenda pamoja: TLS huficha ujumbe wa SIP, kwa kawaida kwenye poti 5061, na SRTP, ya mwaka 2004, huficha sauti. Kuweka SRTP bila TLS kunaweza kuwa kazi bure, kwa sababu katika utaratibu mmoja unaotumika sana ufunguo wa sauti husafiri ndani ya ujumbe wa SIP. Ujumbe huo ukiwa wazi, ufunguo nao uko wazi.

Hatari inayogharimu fedha haraka zaidi ni wizi wa muda wa maongezi. Programu za wahalifu huzunguka intaneti zikitafuta poti 5060 iliyo wazi na kubahatisha nywila. Zikifanikiwa, hupiga namba ghali za nje usiku au mwishoni mwa wiki, na ofisi huletewa bili. Nywila ndefu zisizofanana na namba ya ndani, seva isiyofikika kutoka kila mahali, na kikomo cha simu za kimataifa ni kinga za lazima.

Itifaki nyingine

SIP haiko peke yake. H.323 bado inapatikana katika baadhi ya mifumo ya mikutano kwa video. Skinny, iliyobuniwa na kampuni ya Selsius iliyonunuliwa na Cisco mwaka 1998, iliendesha simu nyingi za Cisco kabla ya kampuni hiyo kuelekea SIP. Katika MGCP ya mwaka 1999 akili yote huwa kwenye seva, na kifaa hutii amri tu. IAX ilitoka katika Asterisk, programu huria ya seva ya simu iliyoanzishwa na Mark Spencer wa Alabama mwaka 1999. Hiyo hupitisha mipango na sauti kwenye poti moja, 4569, na hivyo huvuka NAT kwa urahisi. WebRTC, iliyokamilishwa kuwa kiwango rasmi cha wavuti mwaka 2021, hukigeuza kivinjari kuwa simu. Hutumia kodeki ya Opus pamoja na RTP iliyofichwa, lakini haiamui namna ya kupanga mazungumzo, na mara nyingi kazi hiyo hurudi kwa SIP.

Kusoma hitilafu kwa kufuata itifaki

Mpangilio huu wa itifaki ni mwongozo wa kutafuta kasoro. Simu isiyowaka ni suala la umeme wa swichi. Inayowaka bila kupata anwani ni suala la VLAN au DHCP. Isiyojisajili ina nywila mbovu, saa mbovu au njia ya kwenda kwenye seva iliyozibwa. Inayoita na kupokewa lakini ikasikika upande mmoja tu ina tatizo la NAT au fayawoli, yaani kizuizi cha usalama wa mtandao, iliyofunga poti za RTP. Inayokatika kila mara ikifika sekunde 32 hivi kwa kawaida imepoteza ACK: SIP huurudia msimbo 200 kwa sekunde 32 na, isipothibitishiwa, huyafunga mazungumzo. Sauti inayokatikakatika huelekeza kwenye pakiti zinazopotea au mwendo usio sawa, na taarifa za RTCP huthibitisha ni lipi.

Programu huria ya Wireshark hunasa pakiti na kuchora hatua za simu moja baada ya nyingine, kuanzia INVITE hadi BYE. Kwa kuwa kanuni hizi ziko wazi kwa yeyote kuzisoma, fundi wa Kigoma au Kisumu ana maandishi yaleyale aliyonayo mtengenezaji wa simu. Ofisi inayomwezesha fundi wake kuyajua huweza kuchagua vifaa kwa sifa zake, kubadili mtoa huduma bila kutupa simu zake, na kutengeneza kasoro mahali ilipo hasa.